Bao la Ukungu

Kwenye benchi langu la chai, stendi ya Newala,
timu hupangwa kabla maji hayajachemka.
Mchekenje anampanga Likwachala mbele,
Nambunga anamtoa,
Chitanda anamrudisha kwa masharti:
acheze, ila penati asiguse.

Wote hawa ni Kimbunga damu.
Mtu wa Tandahimba akipita, akiwasikia,
atadhani amefika kwao.

"Kipa gani yule? Mpira anaupokea kama kitoto kichanga,
mpaka aulize kimepewa jina gani!"
"Mwache Bakili. Mwaka juzi Kitangali nani alituokoa?"
"Mwamba. Aliokoa mwamba wa goli,
yeye alikuwa amelala."

Na Bakili yuko hapo, hatua kumi,
anaziba pancha ya baiskeli ya mwalimu.
Anatumbukiza tyubu kwenye beseni,
anatazama mapovu.
Hajibu. Maji ya Newala ni ya kununua,
hamwagi hata tone.

Mimi nina daftari.
Kurasa za mbele ni madeni ya vitumbua,
za nyuma, tangu Jumatatu, nimewaandikia viapo:
Mchekenje, Kimbunga bingwa, mfuko mmoja wa salfa.
Nambunga, Kimbunga hana kipa, kilo ishirini, mnada wa kwanza.
Chitanda, Kimbunga bingwa, jogoo, ila mkewe asijue.
Mkewe alikuja asubuhi ile ile.
Akaweka jogoo yule yule, upande wa pili.

Jumapili, uwanja wa shule.
Mikorosho ilikuwa imepuliziwa alfajiri,
watu wana manjano kwenye nyusi.
Kombe limekaa juu ya dawati, dogo.
"Hata chumvi ya wiki halitoshi," akasema Mchekenje,
kisha akavua kofia, akalitazama tena.

Dakika ya sabini, bila bila,
ukungu ukapanda kutoka Shimo la Mungu.
Haukubisha hodi.
Ukameza kona, ukameza mshika kibendera,
tukabaki kuutazama mpira kwa masikio:
buti, tusi, buti, "Oya, huku!",
kishindo kirefu kutoka lango letu,
kimya,
filimbi.

Mwamuzi alipojitokeza, mkono wake ulikwisha elekea kati.
Bao.

Sawa, bao. La nani?
Likwachala anasema kuna kitu kilimgusa kisogo.
Wengine wanaapa ni shuti la Bakili,
lilitoka goli hadi goli bila kukanyaga chini.
Bakili mwenyewe anasema, "Mimi nilipiga tu.
Kisha nikasikia watu."

Nambunga halipi.
Bao lisiloonekana, anasema, ni kama mwezi wa redioni:
aliyeuona aje na macho yake.
Mchekenje amepeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa,
mwenyekiti kaomba apewe wiki, naye ana kilo zake humu.
Chitanda na mkewe hawasemezani,
jogoo anawika kwa niaba ya wote wawili.

Leo wiki ya tatu. Nimeongeza benchi.
Sukari inaniishia kabla ya saa mbili,
na hata wa Tandahimba siku hizi wanashuka kwenye basi
kuja kubisha, wakiwa na vitumbua mdomoni.

Siku ile nilikuwa nyuma ya lango lao,
na birika langu na vikombe vyangu sita,
karibu kiasi cha kuugusa wavu.
Wavu ule una tundu, ubavu wa kushoto,
pana kama kichwa cha mbuzi.
Mpira ulikuja upande wangu na baridi yake,
ukanimwagia kikombe,
ukaingilia hapo.

"Somoe," wananiuliza, "wewe ulikuwa kule. Uliona nini?"

Nasema: ukungu.
Nani anataka ya pili?