Masikio

Tulipotoka Mirbati muadhini alikuwa hajakohoa.
Baiskeli mbili, taa moja.
Azani mbele: hupanda kilima kama anayedaiwa,
mimi nyuma kama anayedai.

Mvua za kharifu zimekwisha miezi miwili.
Majani yaliyotufika magotini
yamebaki rangi ya mkate wa jana.
Njia ya changarawe inapanda Jabali Samhani, inajikunja,
inajuta, inapanda tena.

Mwanzo tulihesabu kwa sauti, kama watoto.
Kinyonga mmoja katikati ya njia, mguu hewani,
mfano wa mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Pimbi kumi na moja juu ya mwamba, wakiota jua,
na wa kumi na mbili, mlinzi, alipopiga ukelele
wote wakamwagika ufani kama maharage.
Azani akasema wabri. Mimi nikasema pimbi.
Akasema mama yake, mzaliwa wa Wete, huwaita pelele;
kwamba alipoletwa Omani, msichana wa miaka kumi na mitano,
kila kitu alikipa jina la kwao
ili asiishi na wageni.

Kisha pancha. Mwiba wa mgunga.
Azani akapindua baiskeli, akachomoa tyubu,
akaweka sikio kwenye mpira kuisaka pumzi inakotorokea.
Mimi nikaenda nyuma ya mti wa ubani,
wenye kovu juu ya kovu, kukojoa.

Hapo.

Si kwamba alikuja. Alikuwapo tangu awali,
jiwe lililoamua kuwa na macho.
Rangi ya vumbi lenyewe.
Masikio marefu, na juu ya kila sikio
kishungi cheusi,
kalamu iliyoinuliwa kabla neno halijaisha.
Simbamangu.
Nililisoma darasa la nne, katika kitabu kisicho na jalada,
na sikuwahi kulitumia. Miaka thelathini neno limenikaa kinywani
kama ufunguo wa nyumba nisiyoijua.

Hatua sita. Labda tano.
Mkojo ulikatika wenyewe.
Sikio moja likageukia mlio wa pampu,
la pili likabaki kwangu.
Halafu hapakuwa na kitu, ila nyasi
zikijirudisha zilipokuwa.

"Tayari!" Azani akaita. "Mbona umeganda?"
Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Pikapu ikateremka, mbuzi nyuma, dirisha moja la plastiki.
Bakhiti bin Mahadi, pekupeku, kikoi cha buluu,
akatumiminia maziwa ya ngamia kwenye bakuli moja,
ya vuguvugu, povu limejaa hadi ukingoni.
Tukanywa kwa zamu. Akasubiri tumalize,
ndipo akafunua turubai:
mwanambuzi, na shingoni matundu mawili,
nadhifu kama ya vifungo.
Wa tatu huyu, siku tisa.
Chini ya kiti palikuwa na mfuko wa unga mweupe.
Hakuutaja. Sikuuliza.

"Mmeona kitu huko juu?"

Nilimfikiria mwanambuzi. Nawaapieni nilimfikiria.
Ada za shule zina miguu minne nyumbani kwa Bakhiti.

"Wabri," nikasema, kwa Kiarabu changu cha dukani.
"Wabri tu. Na kinyonga."
Na povu la maziwa yake lingali juu ya mdomo wangu.

Akashukuru.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku, si kingine: alishukuru,
akatuwekea tende kwenye mfuko wa mkate,
akatuombea breki njema.

Breki zililia njia nzima.
Azani hakunena hadi kituo cha mafuta,
tulipoketi ukingoni tukitema kokwa za tende,
magoti yakitetemeka.

"Huyo pimbi wako," akasema, bila kunitazama,
"alikuwa na masikio marefu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole.