Mengineyo

Ajenda ya nne ilikuwa deni.
Nimeandika: "Wajumbe walijadili kwa kina."
Kina chenyewe sikukiandika.

Sikuandika jua la saa nane likichoma bati la ghala,
wala harufu ya tumbaku iliyokwisha kuuzwa
lakini imekataa kuhama kwenye kuta.
Wanachama sabini na watano, benchi kumi na moja,
wengine wameketi juu ya mizani ya belo
kana kwamba nao wanasubiri kupangiwa daraja.

Afisa ushirika, Bwana Rwechungura, alitoka Urambo
na pikipiki ya serikali na kitabu cha kanuni.
Mkopo wa pembejeo ni wa chama, alisema, si wa mtu.
Benki haimjui Kapela, benki haimjui Mwashi,
benki inajua namba ya usajili na muhuri.
Mmoja akikwama, mmekwama.
Nimeandika hivyo. Ni kweli.

Kapela Mihambo akasimama.
"Belo ishirini na mbili. Mbolea nililipa.
Mikaratusi mia tatu nilipanda kama mlivyoagiza,
mchwa wakala mia na tisini, nikarudishia.
Mwezi wa saba mkanipa karatasi: makato, makato, makato,
na chini kabisa, kama choo cha panya ndani ya debe,
shilingi elfu arobaini na moja.
Nieleze, afisa: nimelima tumbaku, au nimelima jirani?"

Watu walicheka.
Nimeandika: "Mjumbe aliomba ufafanuzi."

Ufafanuzi ukatoka.
Bila dhamana ya pamoja hakuna mbolea,
bila mbolea hakuna jani, bila jani hakuna ushuru,
na bila ushuru lile darasa la nne
litaishia kwenye linta, mbuzi ndani.
Hili nalo ni kweli, na ndilo linalonichosha:
kila aliyesema alisema kweli.
Mama Mwashi alisema kweli: kila mtu na furushi lake.
Ndilanha wa mizinga alisema kweli:
mitundu yote imeingia kwenye mabani ikatoka moshi,
nyuki wamehama, tuache jani turudie asali.
Wakamuuliza, asali inakopesha?
Akaketi.

Kura: hamsini na nane kwa kumi na saba.
Mwenyekiti akanitazama.
Nimeandika: "Wajumbe waliafiki kwa kauli moja."

Orodha ya wadaiwa sugu imebandikwa mlangoni.
Niliinakili mimi, kwa mwandiko niliofundishwa na masista.
Namba saba: Luhende Kasanda.
Tumenyonya ziwa moja.
Belo zake tano zilitoka usiku kwa baiskeli,
kwa mnunuzi wa vishada, nusu ya bei, fedha mkononi,
kwa kuwa Kitete walisema upasuaji ni kesho asubuhi
na bima ya wote, wakati ule,
ilikuwa bado ni habari ya redioni.
Wifi yangu alipona. Anauza karanga stesheni ya Usoke,
treni ikisimama anageukia upande wa pili nikipita.
Luhende yuko Mpanda. Au Chunya. Sijui.

Kwenye mengineyo niliandika: hakuna.

Watu walipotawanyika Kapela alirudi.
Sikujua kama anajua.
Hakutaja namba saba. Aliomba kuona jina lake,
akalifuata kwa kidole, safu hadi safu,
kidole chenye ile gundi nyeusi ya jani
isiyotoka kwa sabuni wala kwa majivu.
Akafika kwenye salio, akatua hapo kitambo.
"Mwandiko wako mzuri, Nyamizi," akasema,
akavaa kofia yake, akaenda zake.

Jumatatu mkaguzi anakuja.
Kurasa mbili zimeshikana pale alipoweka kidole.
Nimejaribu kuzibandua kwa rula.
Zinachanika.