Kitambaa Kinachopumua

Blaenau Ffestiniog mvua haibishi hodi.
Hushuka tu, kama deni la marehemu,
juu ya mapaa ya mawe meusi na vilima vya kifusi cha machimbo.
Mwaka jana, mwezi wa pili, koti langu la dukani lilianza kuvuja mabegani.
Nikasema: nitashona langu.

Nilitaka kitu kidogo:
kitambaa kinachokataa tone na kuruhusu jasho,
kama ngozi niliyozaliwa nayo.

Goronwy, muuza vitambaa wa Porthmadog, alinitandikia turubai.
"Hili halipitishi hata dhambi."
Wala pumzi, nikamjibu. Ndani yake mtu huiva kama kiazi.
Kiwanda kimoja kilinijibu kwa adabu: mita mia tano, si pungufu.
Mita mia tano! Ningewavika kondoo wote wa bonde
na salio nikalivika kanisa.
Nikapasua hema. Nikapasua mwavuli wa Ifor,
naye tangu siku hiyo hanisemeshi mvua ikinyesha,
yaani hanisemeshi.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.
Mimi nilichoka, na sikuwa nimepata.

Kisha tukafungua kabati la Mama.
Soksi. Biblia. Ala ya miwani bila miwani.
Na shuka tatu za kukinga godoro, zile alizoleta muuguzi,
moja bado imo katika plastiki yake.
Juu nyeupe, laini;
chini utando mwembamba unaong'aa kidogo,
kama njia aliyopita konokono.

Nilijua zinazuia nini. Usiku nilizibadilisha mimi.
Sikujua kama zinapumua.

Nikachemsha chai, nikafunga kipande mdomoni mwa kikombe
kwa mpira wake wa nywele,
juu nikaegemeza glasi iliyotoka barafuni.
Nikahesabu. Kabla ya arobaini
glasi iliingia ukungu.
Nikapindua kikombe juu ya sinki.
Hakikudondosha hata tone.

Nikakaa sakafuni.
Miezi minane nilizunguka madukani,
miezi minane alilalia jibu.

Nilikata kwa mkasi wake. Mikono ilitoka mirefu.
Mishono nikaiziba kwa utepe na pasi isiyo kali.
Kofia ilinishinda: nimeifumua mara tatu,
bado inaangalia kushoto.
Nje nikaweka nailoni ya kijani, jirani asiulize.

Jumapili nikapanda Moelwyn.
Mvua ya ubavuni, ile inayokutafuta masikioni,
asubuhi nzima.
Mgongo mkavu. Kwapa kavu, au karibu.

Ila kila nikigeuka linachakarisha,
mchakacho uleule, mdogo,
wa mtu anayejigeuza saa nane za usiku
asitake kuniamsha.