Kizibo Namba 109

Visima mia mbili na kumi na viwili, Mabogini hadi Kahe.
Kila kimoja nilikiandikia namba ndani ya kizibo cha soda,
nikavimwaga kwenye sufuria ya ofisi, nikatikisa.
Mbonea, dereva wetu, akafumba macho, akatoa ishirini na vinne.
Basi. Hakuna aliyependelewa,
hata diwani.

Mama Ndealilia hakuelewa, au alielewa vizuri mno.
Kisima chake kiko hatua thelathini toka jaruba la mpunga
ambako kijana mwenye bomba mgongoni hupuliza dawa alfajiri,
upepo ukiwa bado haujaamka.
"Changu ndicho kinachonuka. Wewe unapima cha nani?"

Nikifuata pua, mama, nikamjibu,
nitarudi na habari za pua.
Nikifuata barabara, nitapima maji ya barabarani.
Nataka bonde zima liseme, na wasiolalamika wamo,
kisha niwarudie hao hao, masika na kiangazi,
miaka kumi, chupa zile zile za kahawia,
nijue tunapanda au tunashuka.

"Miaka kumi," akasema.
Akaitazama ndoo.

Sikumwambia yote. Sikumwambia
kwamba maji anayoteka leo yalizama ardhini
kabla kitindamimba wake hajaota meno,
na dawa ya alfajiri hii bado iko njiani,
inauteremka udongo mweusi kwa mwendo wa kinyonga,
itafika sisi tumeshafunga faili.
Wala kwamba maabara ikiandika "haikuonekana"
haisemi haipo.
Inasema macho ya mashine yameishia hapo.

Jioni, sanduku la barafu limejaa, vifuniko vimekazwa,
nikarudi kwake kwa miguu.
Nikasuuza chupa mara tatu kwa maji yake, nikajaza.
Ya ishirini na tano.
Daftarini nimeiweka pembeni, nje ya mstari mwekundu:
haingii kwenye wastani, haongezi mtu, hapunguzi mtu.
Mkuu akiuliza, nitasema
barafu ilibaki na nafasi.

Usiku nikaipindua sufuria niioshe.
Vizibo mia na themanini na saba vikaanguka
vikilia sakafuni kama mvua ya mawe.
Kimoja hakikuanguka.
Kilikuwa kimegandia chini, kwenye ukoko wa uji wa juzi,
namba imetazama juu.