Ribiti ya Tatu

Alikuja Jumanne, kiatu kimoja mkononi,
kizito kama jiko la makaa,
kifungo kimevunjikia kwenye ndege.
"Cha nini?" "Cha kuteleza barafuni."
"Na nani?" "Peke yangu."
Akachora hewani kwa kidole: kupanda, kupanda,
kisha mkato mmoja, kama kisu kwenye ngozi.

Mimi Musembi, fundi wa Ngara,
nimeshona mikoba, mipira, hata tandiko la punda;
barafu sijawahi kuitia uzi.
Nikapiga ribiti mbili.
Ya tatu sikumwambia, wala sikuidai.

Ijumaa alfajiri nilipanda paani kuanua nguo.
Mbingu imeoshwa. Kaskazini, mbali,
mlima: jino moja,
dogo kuliko ukucha wangu.

Nikafumba jicho, kama anayetunga sindano,
nikasikilizia ribiti.