Alama za Alhamisi

Kila Alhamisi, hata theluji ikifika magotini,
tunakwangua kioo cha gari na kuushuka mlima wa Duluth
hadi kwenye ghala lile lisilo na madirisha,
ambako mtu haingii bila kadi yenye picha yake
wala hatoki bila kitu kisichoenea kabatini.

Picha ya Orrin ina miaka kumi na minane.
Ana mashavu. Ana masharubu ya kujidai.
Mlinzi wa mlangoni huitazama, humtazama,
kisha husema "Karibuni" kwa sauti ya chini.

Hatuendi kununua, ingawa tunanunua.
Tunakwenda kuonja.
Watu wa huku wana haya: huizunguka meza ya vionjo
kama waliopotea, wakisoma bei ya matairi,
mara mkono unachomoka, kikombe cha karatasi hakipo.
Orrin hakuwahi kuwa na haya hiyo.
Alisimama kama afisa wa forodha, daftari mkononi,
nyuma ya sikio penseli ya kijani
aliyostaafu nayo kutoka reli ya madini.

Sambusa za mvuke, 6: ganda nene, nyama ya kutafutwa.
Samaki wa moshi juu ya biskuti, 9. Turudi.
Rojo la maharagwe, 4, lingefaa kuzibia dirisha.
Keki za limau, 8, lakini nani atamaliza ishirini na nne?
Na Ardis wa meza ya tano, mwenye wavu wa nywele,
alikuwa akimuuliza, "Leo nimepata ngapi?"
kana kwamba ndiye aliyeyakamua malimau.

Mwaka jana walimtibu koo.
Waliondoa walichotaka kuondoa, ladha ikafuatana nacho.
"Kila kitu sarafu," aliniambia.
"Kahawa sarafu, mkate sarafu.
Hata busu lako, uniwie radhi, senti tano."

Nilidhani daftari limemaliza kazi.
Alhamisi iliyofuata akavaa viatu kabla yangu.
Mbele ya sambusa akanipa kikombe chake,
akalamba ncha ya penseli: "Haya, Marlys. Sema."

Nikasema, tamu.
"Tamu vipi?"
Nikasema, tamu ya kawaida.
Akaningoja. Nyuma yetu vikajaa vitoroli.

Miaka arobaini na minne nimekula nikiwaza mengine:
bili, watoto, bomba linalovuja.
Ulimi wangu ulikuwa chumba cha wageni,
kimefagiliwa, hakilaliwi.
Nikafumba macho. Nikasema:
tangawizi imetangulia, imebisha hodi, imekimbia.
Mafuta yamebaki mlangoni yanapangusa viatu.
Mwishoni kuna ukijani, kama umevunja
jani la kitunguu bustanini kwa mama, mvua ndiyo kwanza imekatika.
Akaandika.
Akaandika mpaka Ardis akakohoa.

Basi ikawa hivyo, baridi nzima hadi barafu ya ziwa ikapasuka.
Mimi mdomo, yeye mkono.

Jana alilala mapema, daftari likabaki mezani
kando ya ndoo ya mayonezi ambayo hatujui tutaifanyaje.
Nikalifungua. Safu mbili.
Ya chakula iko wazi tangu Januari.
Ya pili ina jina langu.

Sambusa: Marlys 9. Hayo mafuta na viatu!
Jibini ya pilipili: Marlys 5. Kaharakisha, alikuwa anatafuta choo.
Achari ya matango: Marlys 3. Kasema "chachu" mara mbili.
Samaki wa moshi: Marlys 10,
na chini yake, penseli imekandamizwa hadi karatasi imetoboka,
neno moja:
Nimemwonja.

Nimekaa na neno hilo hadi jokofu likanyamaza,
nisijue kama ni samaki, au ni mimi.

Asubuhi sikumuuliza.
Nilimuuliza habari ya achari tu.
"Tatu, Orrin? Tatu?"
Akakoroga kahawa yake ya sarafu.
"Alhamisi ipo," akasema. "Kajitahidi."