Uzito wa Ndoo Tupu

Ndoo tupu ya plastiki, na mfuniko wake, na mkono wake wa waya,
ina uzito wa kilo moja kasoro gramu sitini.
Nililijua hilo miaka saba.
Miaka saba nilikata mbili.

"Mbili za ndoo," nilisema, kalamu ikishuka,
na mrina asali aliyelala porini siku kumi na tatu,
macho yangali mekundu kwa moshi,
kope moja imevimba,
aliitikia kwa kichwa.
Mshale ulinitazama mimi, sio yeye.

Hakuna aliyeniita mwizi.
Hapa Sikonge waliniita Mama Kwaya.
Jumapili nilisimama mstari wa pili, joho la zambarau,
sauti yangu ikiishika ya kwanza kama kata ishikavyo mtungi,
na tulipofika penye neno upendo nilifumba macho
ili watu waone kwamba nimefumba.

Jumatatu nilifungua ghala la ushirika.
Mungu nilimwacha kule, pamoja na joho,
msumari mmoja.

Ile kilo haikuwa yangu peke yangu, niseme kweli.
Robo ya mwenyekiti. Robo ya dereva wa lori.
Robo ya mlinzi, kwa kuwa ana macho.
Na robo yangu ilichangia kitambaa cha majoho.
Hapo ndipo aibu inaponishika koo,
kwenye kile kitambaa.

Mwezi wa saba, Alhamisi, karibu na kufunga,
nikasikia baiskeli inaangushwa nje.
Mhoja Kalugwisha, wa kambi za upande wa Ugalla,
mtu ambaye kanisa letu analijua kwa bati lake tu, akipita.
Asubuhi alikuwa ameuza ndoo nne.
Akafungua fundo la kitambaa, akahesabu mezani
elfu tatu, noti moja na sarafu,
zinanata.
"Umezidisha, Damari. Nimehesabu njiani, nikahesabu tena.
Nikasema, jioni watafunga vitabu, watamkata mama wa watu."

Akanywa maji. Akaondoka, giza likimfuata.

Ndoo nne.
Nilikuwa nimemkata kilo nne na zaidi.
Na yeye amekanyaga baiskeli mchanga wote ule
ili mimi nisikatwe.

Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia.
Nilikaa nikinusa zile noti, zina moshi na nta,
na zaburi zote nilizozikariri
hazikuniletea hata mstari mmoja.

Jumatatu, foleni imefika kwenye mti wa mninga,
nilichukua ndoo tupu, nikaiweka juu ya mizani,
nikaigeuza ile sahani ya namba iwatazame wao.
Kimya. Nyuki mmoja kwenye mfuniko.
Nikachukua chaki, nikaandika ukutani: GRAMU 940.
Nikasema, "Hii ndiyo ndoo. Nyingine zote zilikuwa mimi."

Mwenyekiti aliniita ofisini, akafunga dirisha.
"Damari, kanisa ni kanisa. Ghala ni ghala."
Nilimjibu kwamba mlango wa kutokea kule
na mlango wa kuingilia huku
navipita kwa miguu hii hii.
Sasa nahesabu magunia ya nta, chumba cha nyuma.
Mshahara umepungua. Mstari wa pili nao,
wawili hawasimami tena karibu nami.
Zile kilo za miaka saba bado nazidai mwenyewe,
nazilipa kidogo kidogo, kwa majina ninayoyakumbuka,
na mengi siyakumbuki.

Ukuta ulipakwa chokaa siku ya tatu.
Siku ya nne namba ilikuwa pale pale.
Wakapaka tena.
Leo asubuhi nimepita kuitazama:
940,
mwandiko si wangu,
ile nne imegeuzwa, inatazama nyuma,
kama aiandikavyo mtu
anayejifunza.